Pauni Mia Mbili na Arobaini

Hizo ndizo nilizopewa, pamoja na katalogi
na kalamu nyekundu ya meneja, anayeamini
kijana wa miaka kumi na minne
hufunguliwa na kitabu kama kopo la maharage.
Nje, Hull inanyeshewa ubavuni.
Mvua ya hapa haishuki, hupita.

Nilianza kwa busara. Nikatia vema
penye "kinafaa", penye "kinafundisha".
Nikaikwepa damu. Nikakifuta kile chenye busu
ukurasa wa tisini.
Nikaagiza sita vya wakimbizi: hema, seng'enge,
mashua ya mpira, msichana jaladani
aliyetupa mgongo. Siku hizi majalada yote yametupa mgongo.
Nikasema moyoni, hivi ni vya Byamungu,
ajione.

Byamungu alivipima mkononi kama anayenunua nyanya,
akavirudisha mezani kimoja kimoja.
Kiswahili chake kilizaliwa Uvira,
kikakaa Nakivale miaka saba,
kikaokota puani kitu cha hapa, kituo cha basi:
"Dada Mwanaisha, miye nilishakimbia.
Nitafutie kinachoruka."

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini walichagua lao.
Mimi nachagulia viganja vya watu,
na sijui vina malengelenge wapi.

Vile sita vikakaa rafuni, migongo kwa migongo,
mpaka Kayleigh wa Bransholme,
ambaye kwao umeme hununuliwa pauni tano tano,
akabeba kimoja kwa kukosea. Alidhani ni cha mapenzi.
Akakirejesha baada ya wiki mbili kimevimba,
kimesomewa bafuni, kurasa zimekauka na mikunjo.
Sikumtoza.
Alisimama akichezea zipu ya koti, juu, chini, juu:
kuna kingine kama hiki,
ila ambacho mama hafi?

Nikatafuta. Katalogi ina safu ya umri,
ina mada, ina tahadhari kwa herufi nzito.
Haina safu ya mama anayebaki.

Nyumbani, nikitandika kitanda cha Shamsa,
nikagusa kona ngumu chini ya godoro.
Ni kilekile nilichokifuta kwa kalamu nyekundu,
kina muhuri wa maktaba nyingine, mabasi mawili kutoka kwetu.
Nilikisoma nimesimama, mpaka wali ukashika chini.
Busu lenyewe lilikuwa fupi, la woga, la kugongana meno.
Kilichonikalisha kitandani ni ukurasa wa mia na nne:
binti hamwambii mama yake neno,
kwa kuwa mama, kabla hajaulizwa,
ameshavaa uso wa jibu.

Nikakirudisha palepale, kona ikichungulia
kama nilivyoikuta.
Tukala wali wa moshi. Shamsa hakuuliza.
Nami uso wangu
nilijaribu kuuacha wazi, nikashindwa
nikauliza kuhusu hisabati.

Jumatatu zilibaki pauni sitini na moja.
Nikamnunulia Byamungu joka, juzuu ya kwanza.
Akausoma mstari wa mwanzo mlangoni,
basi lake likaondoka, hakuliangalia.
Alhamisi akaja na hukumu: "Lina mabawa, ndiyo,
lakini linaongea sana." Akaomba la pili.

Kile cha ukurasa wa tisini nimekiagiza,
nakala mbili. Meneja ameuliza sababu,
nikamwambia kimeandikwa vizuri, ambayo ni kweli,
na si sababu.

Na sasa kila sampuli ikifika
naianza nyuma, nimesimama kwenye hita,
sura ya mwisho, kisha ya kabla yake,
nikiwahesabu akina mama.
Leo, hadi saa kumi na moja jioni, sanduku zima,
walio hai wanne,
na mmoja yuko hospitali, sijamaliza.